Goli safi kwenye runinga, ukungu kwenye simu: klipu za gemu hupotelea wapi ubora wake?

Kila anayecheza gemu ya mpira kwenye PlayStation au Xbox amewahi kukutana na jambo hili. Goli limefungwa, marudio yameonekana kwenye runinga yakiwa safi kiasi kwamba nyuzi za nyavu zinahesabika, lakini klipu ya goli hilo hilo ikishafika kwenye kundi la WhatsApp, nyasi zimekuwa doa moja la kijani, jina lililo mgongoni mwa mfungaji halisomeki, na mpira unarukaruka badala ya kuteleza. Hapo ushauri huanza kumiminika. Mmoja atasema konsoli imezeeka, mwingine atalaumu bando, na wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye anayeaminiwa zaidi, atamshauri mwenye klipu airende upya kwa 4K, kiwango cha juu cha ukali wa picha, ili ubora wake urudi. Ushauri huo wa tatu ndio unaopotosha kuliko yote, kwa sababu unachukulia kwamba kila kitu kilichohifadhiwa na konsoli kinaweza kuchorwa upya. Kipo kinachoweza na kipo kisichoweza, na klipu ya kawaida imo katika kundi la pili.

Kabla ya kufika huko, yafaa tukubaliane kuhusu maneno machache. Picha ya gemu imejengwa kwa vitone vidogo vya rangi vinavyoitwa pikseli, na picha moja kamili huitwa fremu. Runinga ikionyesha fremu 60 kila sekunde, jicho huona mwendo mmoja laini. Kurenda ni kazi ya kuikokotoa fremu kutokana na maelezo yake, yaani wachezaji wamesimama wapi, mwanga unatoka upande gani na kamera imewekwa wapi, na konsoli hufanya kazi hiyo muda wote unapocheza. Mhariri wa video naye husema anarenda pale programu yake inapounganisha vipande, maandishi na muziki kuwa faili moja, ingawa yeye hakokotoi uwanja wala wachezaji, bali anapanga upya picha ambazo zilikwisha kuchorwa zamani. Kubana ni kupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa taarifa ambazo jicho linatarajiwa kutozikosa. Klipu, basi, ni kipande kifupi cha video ambacho kimekwisha kurendwa na kimekwisha kubanwa.

Sasa tuje kwenye tofauti yenyewe. Chukua mchezo wa bao. Ubao una mashimo 32 na kete 64, kanuni zinajulikana, na hakuna kinachoamuliwa kwa bahati nasibu. Mtu akiandika kwenye karatasi kila hatua, yaani nani alianzia shimo lipi na alielekea upande gani, karatasi hiyo peke yake inatosha kumwezesha mtu wa Lamu kuucheza upya, kete kwa kete, mchezo uliochezwa Unguja, tena akiutazama kutoka upande wowote wa ubao anaoutaka. Mtazamaji mwingine aliyekuwa akipiga picha za ubao ule ule atakuwa na picha nyingi, lakini zote zimepigwa kutoka pale aliposimama, na kama mkono wa mchezaji ulilifunika shimo fulani, hakuna ustadi wa baadaye utakaolifunua.

Gemu za video zimekuwa zikihifadhi mambo kwa njia zote mbili. Gemu ya kompyuta ya Doom, iliyotoka mwaka 1993, ilikuwa na uwezo wa kuandika hatua za mchezaji mara 35 kila sekunde, na kila hatua ilichukua baiti nne tu: amekwenda mbele au nyuma, amesogea pembeni, amegeuka kiasi gani, amebonyeza nini. Ukipiga hesabu, dakika nzima ya mchezo wa mtu mmoja ilikaa ndani ya baiti 8,400, yaani chini ya kilobaiti tisa. Hata mambo yaliyoonekana kuwa ya kubahatisha ndani ya gemu hiyo yalitoka kwenye orodha isiyobadilika ya namba 256, kwa hiyo rekodi ilipochezwa tena, matokeo yalikuwa yale yale. Wale waliohifadhi magoli yao ya Pro Evolution Soccer kwenye kadi ya kumbukumbu ya PlayStation 2 walikuwa wakifaidi wazo hilo hilo bila kulijua. Kadi ile ilikuwa na megabaiti 8 kwa jumla, nayo ilibeba pia ligi, timu na mipangilio. Magoli yale yasingeweza kamwe kuwekwa humo kama video. Kilichohifadhiwa kilikuwa maelezo ya mchezo, na konsoli ikayarenda upya kila ulipoyafungua.

Mfano uliokwenda mbali zaidi kwa upande wa konsoli ni Halo 3, ambayo studio ya Bungie iliitoa mwaka 2007 kwa ajili ya Xbox 360. Gemu hiyo ilihifadhi kila pambano kama filamu ambayo kwa kweli haikuwa filamu. Mchezaji aliweza kuifungua baadaye, kuisimamisha, kuipeleka kamera nyuma ya adui aliyemwangamiza, na kuona jambo ambalo wakati wa kucheza hakuna jicho lililoliona. Kwa kuwa Xbox 360 haikuwa na uwezo wake yenyewe wa kurekodi video, na filamu hizo zilifunguka ndani ya gemu tu, Bungie waliweka huduma kwenye tovuti yao ambapo mashine zao zilipokea filamu ya mchezaji, zikairenda, kisha zikamrudishia video ambayo hata asiye na konsoli angeweza kuitazama. Hapo ndipo neno kurenda lilipostahili uzito wake wote, kwa sababu picha zilikuwa zinachorwa upya kweli.

Uzuri huo una gharama yake. Karatasi ya bao humfaa tu yule mwenye ubao ule ule na kanuni zile zile. Badilisha kanuni moja, na kufikia hatua ya kumi kete zitakuwa mahali ambapo hazikuwahi kufika. Ndiyo maana rekodi za aina hii huharibika gemu inapopata masasisho. Rekodi za marudio za Fortnite za toleo la zamani hazifunguki katika toleo jipya, na yeyote aliyejaza vipande vingi kwenye Rockstar Editor ya Grand Theft Auto V anajua kwamba ni salama kutoa video mapema kuliko kungoja sasisho lije. Chombo hicho, kilichofika kwenye PlayStation 4 na Xbox One mwaka 2015 na kuondolewa kwenye konsoli hizo mbili mwaka 2024, ndicho pengine ambacho wachezaji wengi wa kwetu wamekitumia bila kutambua kwamba kiko upande wa karatasi na si upande wa picha: unaweza kubadili kamera na mwendo baada ya tukio, kisha unatoa video. Ukishaitoa, unabaki na picha. Upande wa huduma pia kuna hatari. Huduma za Halo ziliondoka mikononi mwa Bungie mwaka 2012, na seva za gemu hizo za Xbox 360 zilizimwa Januari 2022.

Kitufe cha kurekodi kilichoko kwenye pedi yako hakifanyi kazi hiyo. PlayStation 4 na Xbox One, zote za Novemba 2013, zilileta njia nyingine kabisa, yaani konsoli kuirekodi picha yenyewe inapotoka. Ndani ya chipu ya konsoli kuna sakiti iliyotengwa kwa ajili ya kubana video, nayo hufanya kazi pembeni huku gemu ikiendelea, jambo linalojibu hofu ya muda mrefu kwamba kurekodi huifanya gemu iwe nzito. PlayStation 4 hurekodi mfululizo dakika 15 za mwisho isipokuwa umebadilisha mpangilio, na kila sekunde mpya inapoingia, sekunde ya zamani zaidi hufutwa. Kwa hiyo huhitaji kujua mapema kwamba goli litafungwa. Unafunga kwanza, kisha unaiambia konsoli ihifadhi kilichokwisha kupita. PlayStation 5 inaweza kurudi nyuma hadi saa nzima. Nintendo Switch, iliyopewa uwezo huo Oktoba 2017, huhifadhi sekunde 30 za mwisho, tena si kwa kila gemu.

Hapa ndipo upotevu wa kwanza unapotokea, kabla hata simu haijaguswa. PlayStation 4 ya kwanza, Xbox One ya kwanza na Switch zilihifadhi klipu zao kwa pikseli 1280 kwa 720 na fremu 30 kwa sekunde. Runinga yako ilikuwa ikionyesha gemu ya mpira kwa pikseli 1920 kwa 1080 na fremu 60. Zidisha pikseli kwa fremu katika pande zote mbili na utaona kwamba klipu ilibeba kama asilimia 22 tu ya pikseli ulizokuwa ukizitazama kila sekunde, na nusu ya fremu hazikuwahi kuhifadhiwa. Mpira unaorukaruka hauna uhusiano wowote na bando. Konsoli za sasa zimepunguza pengo hilo sana, lakini vibanda vingi vya gemu bado vina PlayStation 4, kwa hiyo malalamiko yatakuwapo kwa muda.

Upotevu wa pili ni wa lazima. Video isiyobanwa ya pikseli 1920 kwa 1080, kwa fremu 60, inahitaji takriban megabaiti 373 kwa kila sekunde moja. Klipu ya sekunde 30 ingekuwa na zaidi ya gigabaiti 11, mzigo ambao hakuna bando la kawaida lingeubeba. Ikibanwa kwa kasi ya megabiti 12 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja), ambayo ni kiwango ambacho YouTube yenyewe hukipendekeza kwa video ya aina hiyo, inashuka hadi megabaiti 45, yaani kama sehemu moja kati ya 250. Hilo linawezekana kwa sababu programu haihifadhi kila fremu nzima: huhifadhi fremu moja kamili, kisha fremu zinazofuata huandikwa kama mabadiliko tu. Kamera ikitulia na mchezaji mmoja akisogea, mabadiliko ni machache na picha hubaki safi.

Mpira wa miguu ni adui mkubwa wa mbinu hiyo. Kamera haitulii, nyasi zina maelfu ya mistari midogo, jukwaani kuna umati unaorusha mikono, na mvua ikinyesha kila tone ni badiliko. Wakati wa shambulizi la kasi karibu kila pikseli ya fremu inakuwa mpya, huku kiasi cha data kilichoruhusiwa kikiwa kile kile. Programu inalazimika kuchagua, na huanza kutupa vitu vidogo vinavyofanana, ambavyo ni nyasi na nyuso za mashabiki. Ndiyo maana klipu ya gemu ya karata hupita WhatsApp bila kovu wakati goli zuri la mbali linafika likiwa vipande vya mraba. Konsoli ile ile na bando lile lile.

Baada ya hapo kuna mlolongo ambao watu hawauhesabu. Klipu iliyobanwa na konsoli inaingizwa kwenye programu ya uhariri ya simu, ambayo huifungua na kuibana tena inapotoa faili jipya. Faili hilo linatumwa WhatsApp, ambayo nayo huibana video ili iwe nyepesi. Rafiki anaipakua, anaiweka kwenye hali yake, inabanwa kwa mara nyingine. Mtu wa nne anairekodi kutoka kwenye skrini na kuipeleka TikTok. Kila programu katika mlolongo huo haijui ni kitu gani kilikuwa nyasi na kitu gani ni kasoro iliyoachwa na programu iliyotangulia, hivyo hutumia sehemu ya data yake kuzitunza kasoro hizo kana kwamba ni sehemu ya picha. Kwa maoni yangu, anayetaka kuboresha klipu zake hana haja ya kununua kifaa chochote kabla ya kupunguza idadi ya mikono hiyo: ahariri mara moja kutoka kwenye faili lililotoka kwenye konsoli, na anayetakiwa kulipata faili zima atumiwe kama hati, si kama video. WhatsApp haiibani hati, na tangu 2022 inaruhusu hati ya hadi gigabaiti 2. Gharama ya bando itapanda, bila shaka, na hilo ni suala la kila mtu na mfuko wake.

Kuna pia ukataji wa wima, ambao hulaumiwa mara chache kuliko unavyostahili. Ukiichukua video iliyolala ya pikseli 1920 kwa 1080 na kukata kipande cha katikati kinachosimama kwa ajili ya simu, unabaki na upana wa pikseli 607 hivi. Theluthi mbili za picha zimetupwa, na kilichobaki kinavutwa ili kijaze skrini. Kwa klipu ya 720, upana unaobaki ni pikseli 405. Pamoja na ukungu, krosi inayotoka pembeni haionekani kabisa, mtazamaji anaona kichwa kikipiga mpira uliotokea hewani. Afadhali kuiacha klipu ikiwa imelala na kuweka jina la timu na matokeo kwenye nafasi iliyo juu na chini.

Wenye PlayStation 5 wana malalamiko ya aina yao: klipu inafika ikiwa na rangi zilizopauka, au haifunguki kabisa kwenye simu. Konsoli hiyo hutoa faili la aina mbili. WebM inaweza kufika 4K na kubeba rangi za HDR, yaani zenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, na MP4 huishia 1080. Simu au programu isiyoelewa HDR huzionyesha rangi hizo kana kwamba zimefuliwa, na baadhi ya programu haziitambui WebM. Kwa anayetuma klipu kwa marafiki, MP4 inatosha, na mpangilio wake unapatikana katika sehemu ya video zinazonaswa.

Turudi sasa kwa yule aliyeshauri kurenda upya kwa 4K. Programu ya uhariri ikipewa video ya 720 na kuamriwa itoe 4K, itaongeza pikseli kwa kukisia kutokana na zile zilizo jirani. Jina lililo mgongoni mwa mchezaji halitasomeka, kwa sababu herufi zake hazimo tena ndani ya faili. Programu za akili bandia zinaweza kubuni herufi zinazofanana na jina, lakini kubuni si kurudisha. Hata hivyo, uvumi huu una chembe ya ukweli ambayo ndiyo inayoufanya udumu. YouTube hutoa kiasi kikubwa zaidi cha data kwa matoleo yenye pikseli nyingi, kwa hiyo video iliyokuzwa kabla ya kupakiwa inaweza kubanwa kwa upole zaidi na kuonekana nadhifu kidogo kuliko ile ambayo haikukuzwa. Ubora wa klipu haukupanda, ila ulipungua kidogo zaidi kuliko ambavyo ungepungua. Kama gemu yako ina marudio ya aina ya karatasi, yanayokuruhusu kuzungusha kamera, hapo ndipo kurekodi upya kutoka ndani ya gemu kutakupa picha bora kweli, na ni vyema ufanye hivyo kabla hujatoka kwenye mechi.

Wengi katika vibanda vya gemu hawapewi muda wa kuhamisha faili, hivyo hupiga video ya runinga kwa simu. Mistari inayocheza juu ya picha hutokea kwa sababu gridi ya pikseli za runinga na gridi ya kitambuzi cha kamera hazilingani, na kusogea nyuma kidogo au kubadili pembe huipunguza. Wanaounganisha kifaa cha kunasia picha kwenye kebo ya HDMI na kukutana na skrini nyeusi nao wasikimbilie kusema kifaa ni kibovu: konsoli za PlayStation huja na HDCP, ulinzi unaozuia picha kunakiliwa kupitia kebo, ukiwa umewashwa. Kwenye PlayStation 4 na PlayStation 5 unaweza kuzimwa katika mipangilio, na ukiwa umezimwa, programu za kutazamia filamu zinaweza kukataa kufanya kazi mpaka uuwashe tena.

Kuhusu haki, kulipia gemu hakumfanyi mtu kuwa mmiliki wa kila kilichomo. Kampuni nyingi huruhusu klipu za mchezo zisambazwe, na Nintendo ilichapisha mwongozo wake wa jambo hilo Novemba 2018, lakini muziki unaosikika kwenye menyu za gemu za mpira ni wa wasanii wengine, na mfumo wa Content ID wa YouTube huutambua ndani ya klipu yako kama unavyoutambua kwingine kokote. Mtengenezaji pia anaweza kuzuia kurekodi kwa sehemu au kwa gemu nzima, kama ilivyokuwa kwa Persona 5 kwenye PlayStation 4 mwaka 2017, na kitufe kikikataa katika hali hiyo hakijaharibika.

Njia za kutoa klipu kwenye konsoli nazo zimebadilika, na maelekezo mengi yanayozunguka ni ya zamani. Kuituma moja kwa moja kwenda X, mtandao uliokuwa ukiitwa Twitter, hakuwezekani tena: Xbox iliondoa njia hiyo Aprili 2023, PlayStation Novemba 2023 na Nintendo Switch Juni 2024. Switch hupeleka klipu kwenye simu kwa kuskani msimbo wa QR, video moja kwa wakati, au kwa kebo ya USB hadi kwenye kompyuta. Programu ya PlayStation ya simu inaweza kupokea klipu fupi kutoka PlayStation 5, lakini nakala iliyo mtandaoni hukaa siku 14 tu. Anayetegemea fleshi aikague kwanza: ikiwa imeandaliwa kwa FAT32 haitapokea faili linalozidi gigabaiti 4, na rekodi ya saa nzima inaweza kuvuka hapo kwa urahisi, ilhali ile ya NTFS haitambuliwi na PlayStation. Mpangilio wa exFAT hauna kikwazo chochote kati ya hivyo viwili.